Bwawa Bila Shamba ni Shimo la Maji

Katika mabonde mengi ya Iringa, Njombe, Ruvuma na Mbeya, jambo linaloonekana mara kwa mara ni bwawa la samaki lisilo na samaki: kingo zimebomoka, matete yameota katikati, maji yamebaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na kando yake kimesimama kibao kilichopauka ambacho bado kinataja jina la mradi uliokwisha kufungwa. Mabwawa ya aina hiyo yalichimbwa kwa majembe na jasho la wanakijiji, yakapandikizwa vifaranga vilivyoletwa kwa gari, yakazinduliwa kwa hotuba, na baada ya mavuno mawili, au hata kabla ya mavuno ya kwanza, yakaachwa. Katika mabonde hayo hayo, hata hivyo, huonekana pia mabwawa madogo yasiyo na kibao chochote, ambayo wenyewe huyatupia pumba na mabaki ya mboga kila asubuhi, huchota maji yake kumwagilia mchicha na nyanya, na huvua humo kitoweo cha jioni pasipo kumngoja mtaalamu wala mnunuzi.

Tofauti kati ya mabwawa hayo mawili haitokani na bidii ya mmoja na uvivu wa mwingine, kama viongozi wengi wanavyopenda kueleza katika mikutano ya hadhara. Inatokana na jinsi bwawa lilivyowekwa katika maisha ya kaya. Bwawa lililoanzishwa kama mradi unaosimama peke yake, wenye bajeti yake, chakula chake cha kununua na soko lake la kufikirika, hudumu kwa kadiri ya fedha zilizolianzisha. Bwawa lililoingizwa ndani ya mzunguko wa shamba, likapokea samadi ya banda na kurudisha maji na tope bustanini, hudumu kwa sababu mwenyewe hawezi kuliacha bila kupata hasara mahali pengine. Kwa hiyo, serikali na wafadhili wanaojisifu kwa idadi ya mabwawa yaliyochimbwa wanahesabu kitu kisichoeleza lolote la maana kuhusu riziki ya watu wa vijijini.

Banda, bwawa na bustani

Ufugaji mseto wa samaki ni utaratibu ambao bwawa, mifugo na mazao huendeshwa kwa pamoja katika shamba moja, kwa namna ambayo taka za sehemu moja huwa pembejeo ya sehemu nyingine. Samadi ya kuku, bata au ng'ombe inapotiwa bwawani kwa kiasi, virutubisho vyake, hasa naitrojeni na fosforasi, hulisha vijimea vidogo mno ambavyo wataalamu huviita planktoni ya mimea, na ambavyo ndivyo vinavyoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani. Vijimea hivyo huliwa na vijidudu vya majini, na vyote viwili huliwa na perege, jamii ya samaki ambayo sato ndiye anayejulikana zaidi. Perege hana haja kubwa ya nyama kama alivyo sangara, na ndiyo maana anaweza kukua, ingawa si kwa kasi, katika bwawa la mtu asiye na fedha za kununua chakula cha kiwandani.

Kipimo cha rutuba hiyo hakihitaji maabara. Mfugaji huzamisha mkono majini hadi kwenye kiwiko, kiganja kikiwa kimekunjuliwa: akiendelea kuviona vidole vyake waziwazi, maji bado hayana chakula na samadi iongezwe; vidole vikipotea machoni maji yakiwa hayajapita kifundo cha mkono, maji yamezidiwa na samadi isimamishwe. Kupuuza kipimo hicho kuna gharama yake, kwa sababu vijimea vinavyotoa oksijeni mchana kwa msaada wa jua huitumia oksijeni hiyo usiku, na bwawa lililoshindiliwa samadi hufika alfajiri likiwa na hewa kidogo sana, samaki wakipanua vinywa juu ya maji kabla jua halijachomoza. Wasipopatiwa maji mapya upesi, saa chache zinatosha kuua kazi ya miezi. Mwenye kuishi mita 100 kutoka bwawani huliona jambo hilo mapema. Kamati inayokutana kila Jumamosi hukuta samaki wameshaelea.

Upande ambao miradi mingi huusahau ni ule wa kutoka bwawani kwenda bustanini. Maji ya bwawa la samaki yana mbolea ndani yake, na tope linalojikusanya chini, likitolewa baada ya mavuno na kuachwa likauke kingoni, hurutubisha mboga, migomba na mahindi. Huko Guangdong, katika delta ya Mto Pearl nchini Uchina, wakulima kwa karne nyingi walipanda miforosadi juu ya matuta ya mabwawa, wakawalisha viwavi wa hariri majani yake, wakatupa kinyesi cha viwavi majini kuwalisha samaki, kisha wakarudisha tope la bwawa kwenye mashina ya miforosadi. Karibu zaidi na nyumbani, katika wilaya ya Zomba kusini mwa Malawi, wakulima wadogo waliofanya kazi na watafiti kuanzia miaka ya 1980 walidhihirisha jambo lililowashangaza hata watafiti wenyewe: ukame wa miaka ya 1990 ulipokausha mashamba ya juu, bustani za kandokando ya mabwawa ziliendelea kutoa mboga kwa unyevu uliobaki ardhini, hata pale ambapo samaki walikuwa wachache. Je, mradi unaopima mafanikio kwa kilo za samaki peke yake ungewezaje kuiona faida hiyo? Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, na katika shamba la namna hii hakuna kinga kinachowaka vizuri peke yake.

Miaka zaidi ya 70 ya kuchimba

Wazo la kuwafugisha samaki wakulima wa Tanzania lina umri mkubwa kuliko Uhuru. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949 huko Korogwe mkoani Tanga na Malya katika eneo la Mwanza, na mwaka 1967 serikali ilianzisha kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki. Vijiji vingi viliitikia wito, lakini mengi ya mabwawa yaliyochimbwa yalikuwa madogo kupita kiasi, baadhi ya mita za mraba 20 hivi, yakakauka wakati wa kiangazi au yakajaa samaki waliodumaa. Sababu ya kudumaa ni ya kimaumbile: perege huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, jike huyaatamia mayai na kuwalinda vichanga ndani ya mdomo wake, na kwa kuwa vichanga wengi hupona, bwawa lililoanza na samaki 200 hujikuta na maelfu wanaogombea chakula kile kile. Katika nyanda za juu baridi nayo huongeza tatizo, kwa sababu sato hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, na maji ya Njombe mwezi Julai yako mbali sana na kiwango hicho.

Kenya ilijaribu njia ya fedha nyingi. Kuanzia mwaka 2009, chini ya mpango wa kuchochea uchumi, serikali ilikusudia kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa likiwa na mita za mraba 300 na kupatiwa vifaranga 1,000, chakula na mbolea. Matokeo ya mwanzo yalikuwa makubwa: uzalishaji wa samaki wa kufugwa nchini humo uliruka kutoka tani elfu chache hadi takriban tani 24,000 mwaka 2014. Ruzuku ilipokwisha, uzalishaji uliporomoka hadi kiasi cha tani 15,000 mwaka 2016, na maelfu ya mabwawa yakaachwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na aliyezoea kuletewa chakula cha samaki bure hushindwa kuelewa kwa nini akinunue siku gari lisipofika.

Bwawa lililoachwa, isitoshe, haligeuki kuwa kitu kisicho na madhara. Utafiti uliofanyika katika nyanda za juu za Kisii, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa mabwawa yaliyotelekezwa yalizaa mbu waenezao malaria kwa wingi kuliko mabwawa yaliyotunzwa, kwa kuwa sato waliomo katika bwawa hai hula viluwiluwi vya mbu, na majani yanayofunika maji ya bwawa lililosahauliwa huwapa mbu mahali pa kujificha. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho nao hupenda kingo zenye magugu. Kwa maneno mengine, mradi unaoondoka bila kuacha mwenye bwawa huwaachia jirani zake ugonjwa, na gharama ya ugonjwa huo haiingizwi katika taarifa yoyote ya mradi.

Hesabu za nyumbani

Inafaa kulitazama bwawa kwa macho ya kaya badala ya macho ya mtu wa mipango. Bwawa la mita za mraba 300 likipandikizwa samaki wawili kwa kila mita ya mraba huwa na vifaranga 600. Tukikadiria kuwa 480 wanapona kutoka kwa mdiria, kenge, fisi maji na wezi wa usiku, na kwamba kila mmoja anafikia gramu 200 baada ya miezi minane, basi mavuno ni kilo 96, yaani kilo 12 kwa mwezi. Mavuno hayo hayajengi nyumba ya bati, na anayemwahidi mkulima utajiri kwa bwawa moja anamdanganya. Lakini kwa kaya ambayo kitoweo chake cha kawaida ni maharage, na ambayo hununua dagaa wa kupima kwa kikombe pale tu fedha inapopatikana, kilo sita za kula na kilo sita za kuuza kila mwezi zinabadilisha mlo wa watoto na kulipia madaftari, sabuni na chumvi.

Tatizo linaanza kwenye chakula. Chakula kamili cha kiwandani huhitajika kiasi cha kilo moja na nusu hadi mbili ili kupata kilo moja ya sato, na katika ufugaji wa kukitegemea, chakula ndicho kinachomeza zaidi ya nusu ya gharama zote. Mkulima wa bondeni, anayekinunua kwa rejareja na kulipia nauli ya kukileta, mara nyingi hugundua kwamba amewauzia jirani zake samaki kwa bei ya chini kuliko chakula walichokula. Hapo ndipo mseto unapoonyesha thamani yake, kwani samadi, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na mchwa wa kuchimbwa hupunguza ununuzi huo, na kuku wale wale wanaorutubisha maji hutaga mayai ya kuuza wakati samaki bado wanakua. Mali bila daftari hupotea bila habari: kaya chache huandika mayai, mboga na samaki katika ukurasa mmoja, na kwa sababu hiyo wengi huamua kuliacha bwawa kwa kuangalia samaki peke yao, pasipo kujua kwamba kabichi za kiangazi zilikuwa zao la bwawa hilo hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wengi hawalipendi. Mafunzo ya ufugaji humfundisha mkulima kuviona vichanga vya perege kuwa adui wa mavuno, na kumshauri anunue vifaranga madume watupu au aweke kambale wa kuvila. Ushauri huo ni sahihi kwa anayelenga soko la mjini, ambako samaki mdogo hana mnunuzi. Kwa kaya yenye watoto wadogo, hata hivyo, vichanga hivyo vikivuliwa kila wiki kwa wavu wa matundu madogo, vikakaushwa au kupikwa vizima pamoja na mifupa na kichwa, ni kitoweo chenye kalisiamu na vitamini ambazo mnofu wa samaki mkubwa hauna kwa kiwango hicho. Shakuntala Haraksingh Thilsted, mtaalamu wa lishe mzaliwa wa Trinidad na Tobago, alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2021 kwa kazi iliyojengwa juu ya hoja ya namna hiyo: nchini Bangladesh alionyesha kuwa samaki wadogo waitwao mola, waliokuwa wakiondolewa mabwawani kwa sumu ili wasiwasumbue samaki wakubwa wa biashara, walikuwa hazina ya vitamini A kwa wanawake na watoto. Wastani wa samaki wanaoliwa na Mtanzania mmoja kwa mwaka haufikii nusu ya wastani wa dunia, ambao umepita kilo 20, na wakazi wa mbali na maziwa na bahari wako chini zaidi. Katika hali hiyo, kumfundisha mama wa Ludewa kuviona vichanga vyake kuwa hasara ni elimu iliyokosea mlengwa.

Ni nani, basi, anayebeba kazi? Kulisha samaki, kusafisha banda na kumwagilia bustani ni shughuli za kila siku ambazo katika kaya nyingi huangukia wanawake na watoto, ilhali siku ya kuvuta wavu na kuuza hutokea mwanamume aliyesajiliwa kama mfugaji. Mseto huongeza kazi hizo ndogondogo, na mpango usiouliza fedha za mavuno zinakwenda mkononi mwa nani unaweza kuifanya kaya ionekane imeendelea huku aliyeiendeleza akichoka bure.

Imani ya mlaji

Wapo wanaokataa samaki wa namna hii kwa kusema amelishwa kinyesi, na pingamizi hilo lisidharauliwe kana kwamba ni ushamba. Samadi mbichi inayomwagwa bwawani hadi siku ya kuvua inaweza kuchafua samaki na mikono ya wanaomwandaa, na kuku waliopewa dawa za antibiotiki huzipeleka majini kupitia kinyesi. Dawa yake inajulikana: samadi iozeshwe kwanza, isimamishwe wiki kadhaa kabla ya mavuno, na samaki wawekwe katika maji safi kabla ya kuuzwa. Waislamu wanalo fundisho la zamani kuhusu mnyama aliyezoea kula uchafu, aitwaye jalala katika vitabu vya fikihi, kwamba atengwe na kulishwa chakula safi kwa muda kabla ya kuliwa, na utaratibu wa kusimamisha samadi unaelekea huko huko. Banda la nguruwe juu ya bwawa, linalosifiwa katika miongozo mingi ya kigeni, halina nafasi katika kijiji chenye Waislamu na Wasabato wengi. Na Wasabato, kwa kuwa hawali samaki asiye na magamba, hawatanunua kambale hata angekuwa wa bei rahisi kiasi gani. Mpango unaochagua aina ya samaki ofisini bila kuuliza nani analala kijijini humo umekwisha kupoteza nusu ya wateja wake.

Mita 60 za sheria

Jambo gumu zaidi, na lisilozungumzwa sana, ni ardhi yenye maji. Wahehe na Wabena wamekuwa wakilima vinyungu kwa vizazi vingi, yaani bustani za bondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa matuta na mifereji, na kinyungu ndicho mahali panapofaa zaidi kuchimba bwawa dogo la mseto, kwa sababu maji, mboga na njia ya kwenda nyumbani vyote vipo. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha maji awe na kibali cha bodi ya bonde husika. Makusudi ya sheria hizo ni mema, maana mto unaochimbwachimbwa na kila mtu haumfikii wa chini, na sato anayetoroka wakati wa mafuriko huweza kuchanganya mbegu na perege wa asili wa mto huo. Hata hivyo, mkulima anayeambiwa na ofisa mmoja achimbe bwawa na ofisa mwingine alifukie amsikilize nani? Kibali cha bonde zima kwa mabwawa madogo, chenye idadi na ukubwa uliokubaliwa na watumiaji wa juu na wa chini, kingefaa kuliko kumwachia kila mmoja ajifiche au ahonge.

Mikopo nayo ina kasoro yake. Fedha za halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa sehemu kubwa hutolewa kwa vikundi, na kikundi kikichimba bwawa moja la pamoja hukumbana na hali ya manahodha wengi chombo kwenda mrama: kila mmoja hudhani mwenzake amelisha. Vikundi vinafaa kununua vifaranga, kukodi wavu na kupeleka samaki sokoni kwa pamoja; bwawa lenyewe libaki chini ya macho ya kaya moja. Wakati huo huo, fedha na hotuba za uchumi wa buluu zimeelekea zaidi kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, ambavyo vina nafasi yake, lakini kizimba cha Mwanza hakimwagilii mchicha wa Mufindi.

Anayehitajika zaidi bondeni ni mtaalamu mmoja anayeweza kuzungumzia banda, maji na bustani katika ziara moja, na huyo ni adimu, kwa sababu ofisa uvuvi wa wilaya mara nyingi amepewa zaidi kazi ya leseni na nyavu haramu kuliko mabwawa. Katika takwimu za sasa, kuku wa kaya moja huhesabiwa kama mifugo, mchicha wake kama kilimo, samaki wake kama ukuzaji wa viumbe maji, na hakuna safu hata moja inayoonyesha samadi ya kuku wale ilikwenda wapi.